Kitu Namba Thelathini na Moja

Makumbusho yetu yana chumba kimoja,
zamani stoo ya magunia ya chama cha msingi,
na hata leo ukifagia kona ya mashariki
ufagio unarudi na ganda la korosho.
Funguo ni mbili. Moja anayo Somoe Nanguka,
akishamaliza kuuza vitumbua;
nyingine imefungwa kwa kamba ya katani
kwenye baiskeli ya Chitanda,
hivyo Chitanda akienda shamba
historia ya Nachingwea nayo inakwenda kupalilia.

Watu hutuuliza, mnapata nini?
Tunapata mchwa.
Kila Jumamosi tunasogeza vitu vyote hatua mbili,
tunapaka oili chafu miguu ya meza,
tunavirudisha mahali pake,
na mimi, kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka,
naandika vikaratasi.

Kinu, namba nne. Kimetoboka kwa kutwanga.
Karabai, namba tisa. Haiwaki, tumejaribu.
Ndonya ya Bi Sikudhani, namba kumi na saba:
mjukuu wake alikuja kuichukua mwezi wa tano,
akakaa nayo siku arobaini,
akairudisha imefungwa kwenye pindo la khanga.
Hatukumwuliza kitu.

Namba ishirini na mbili ni picha.
Wanaume kumi na mmoja, koleo mabegani,
nyuma yao reli inakwenda isikojulikana.
Wa tatu kutoka kushoto anacheka.
Akaja mama mmoja wa Naipanga, akasema,
huyu baba yangu.
Wiki haijaisha, mwingine kutoka Ruponda:
huyu baba yangu, na meno yale ni yake.
Nikaandika majina yote mawili, kwa penseli.
Sasa huja kwa zamu,
hukaa benchi lile lile,
kila mmoja akichekewa na kijana yule yule.

Reli yenyewe ililetwa kwa ajili ya karanga.
Karanga zikagoma.
Vyuma viking'olewa, vijiji navyo vikajichukulia:
taruma likawa kizingiti, taruma likawa nguzo ya zizi,
na kipande kimoja, kimo cha mtoto wa darasa la pili,
kikaning'inizwa shuleni, kwenye mkorosho.
Hicho ndicho tulichokitaka.
Tukakifagilia nafasi karibu na dirisha,
tukakipa namba kabla hakijaja.

Tulimwendea Mwalimu Lilungulu na barua rasmi,
muhuri wake tumeuchonga kwenye soli ya kandambili.
Aliisoma mara mbili.
Hakusema ndiyo, hakusema hapana.
Akatoka nje, akaokota bolti,
akagonga.
Ilikuwa saa nne na dakika kumi, si saa ya chochote,
lakini madarasa yote saba yakamwagika uani,
vumbi, soksi moja moja, kelele,
na mtoto mmoja na kipande cha muhogo mdomoni.
Mwalimu akatugeukia:
Kwenu kitakuwa kinafanya kazi gani?

Tulirudi kimya. Chitanda anaikokota baiskeli,
ufunguo unagonga fremu, ng'e, ng'e, ng'e.
Karibu na mashine ya kusaga Somoe akasimama.
Andika, akaniambia.
Niandike nini, nafasi ni tupu?
Andika hivyo hivyo.

*Namba thelathini na moja. Kipande cha reli.
Hakipo hapa, kiko kazini.
Fika mapema, simama dirishani,
subiri saa moja kasoro robo.*

Mwezi uliopita tulikuwa na wageni saba,
ukituhesabu na sisi.
Mmoja alitoka Lindi, viatu vimeng'aa,
alitaka kujua kwa nini tunaonyesha sakafu.
Somoe akampa kitumbua na kigoda.
Akatazama saa yake. Akatazama sakafu.
Akala.

Kwenye daftari la wageni, safu ya maoni,
ameandika neno moja, *Nimekisikia*,
na mafuta ya kitumbua yamepita
mpaka ukurasa wa pili.
Nilitaka kulinakili upya, liwe safi.
Chitanda akakataa.
Akaupa ukurasa namba.