Ng'ambo ya Daraja

Kaarel amenikatia tiketi bila kuniuliza.
"Vaa koti la mvua," kasema, "na usibebe mikate."
Nimebeba mikate.

Tumekaa nyasini, Tartu, Agosti inayoyoma.
Jukwaani wapiga fidla waliovaa nyeusi
wanapigana na upepo kwa vibanio vya nguo,
vile vile ninavyoanikia mashuka,
wamezibana karatasi zao zisiruke.

Jirani yetu msichana mwenye masikio ya mbweha,
ya manyoya, ya kununua,
anamlisha babu yake viazi vya kukaanga.
Babu anauliza: huyo mbweha ni nani?
Msichana anaeleza, na taa ya mbweha, na mto ulioganda.
Babu anaitikia kwa kichwa
kama mtu anayeelekezwa njia ya mji asiokwenda.

Nami simjui mbweha. Mchezo wenyewe sikuwahi kuuona.
Niliusikia tu.

Baridi tatu, ghorofa ya tano, mtaa wa Annelinn,
ukuta wetu mwembamba kama biskuti.
Mimi nalala saa mbili, maana saa tisa ya usiku tanuri laningoja,
na yeye upande wa pili, miaka kumi na mitatu,
na kile kimuziki:
kijizumari cha umeme, kimekonda,
kinapanda ngazi nne, kinatua, kinapanda tena,
kishindo.
Kimya.
Halafu kutoka mwanzo.
Mara thelathini kwa usiku. Nilihesabu.
Niligonga ukuta kwa kiatu.
Usiku mmoja niliamka nikachomoa waya,
akanitazama kana kwamba nimemzima mtu.
Hatukusemeshana hadi Jumapili.

Ndiyo baridi ile baba yake alikwenda Ufini kujenga.
Akajenga. Akajijengea. Hakurudi.
Sikumuuliza mtoto anatafuta nini kwenye barafu ile.
Nilimuuliza kama amekula.

Sasa kondakta, mwanamke mfupi mwenye viatu vya mpira,
anainua mkono, na zumari linaanza,
la mti safari hii, lenye pumzi ya mtu ndani.
Mwili wangu unalitambua kabla yangu.
Ngazi nne. Linatua. Linapanda tena.
Nakunja mabega kusubiri kishindo

na kishindo hakiji.

Fidla zimeingia chini yake zikalibeba.
Wimbo umepita pale ulipokuwa ukikatikia,
umepita tu, bila hodi,
na mimi niliyedhani naujua kama njia ya dukani
sina hata jiwe moja la kukanyagia.
Tarumbeta zinafungua kitu. Sijui ni mlango au ni asubuhi.

Namgeukia Kaarel. Siku hizi ana ndevu, ana mkopo wa benki.
"Hapa ni wapi?"
"Ng'ambo ya daraja," ananong'ona.
"Sijawahi kufika. Barafu ilikuwa ikivunjika kila mara."
"Kila mara?"
"Kila mara, mama. Niliuza ile mashine nikiwa bado sijavuka."

Mvua inaanza, nyembamba, isiyoomba radhi.
Mpiga kinubi anakifunika chombo chake kwa turubai
na kukikumbatia, kama mtu anayezuia ng'ombe mwoga.
Wengine wanaendelea kupiga.
Watu elfu tatu wanavaa plastiki kwa pamoja,
mchakacho mmoja mkubwa,
na zumari linapita katikati yake bila kulowa.

Nilitaka kusema neno kuhusu ule waya.
Nilikuwa nalipanga mdomoni, nalipunguza maneno,
lakini yeye ameshanyosha mkono, macho yakiwa jukwaani bado,
kiganja wazi, kimeloa,
mkono ule ule wa mtoto mwenye njaa asiyetaka kusimamisha mchezo.

Nikamkatia pande la mkate mweusi,
lile la pembeni, lenye ganda gumu.
Akala bila kuangalia.
Tukavuka.