Mizani Iliyopungua

Uliingia chumba cha hesabu na theluji mabegani,
wigi lako likinukia unga wa mchele,
ukamsalimu mjomba wangu kwa adabu zote za Stokholmu.
Yeye, macho yamekwisha, akaliinamia kabati.
Jina lake ndilo lililochapwa kwenye kalenda ya mwaka.
Kazi ilikuwa yangu: kuchomoza kwa jua, kupatwa kwa mwezi,
na yale majedwali ya makasisi, parokia kwa parokia,
waliozaliwa, waliooana, waliochukuliwa na ndui.

Ulikuwa mbunge wa Kofia. Wapinzani wenu
mliwaita Kofia za Kulalia, na Bunge zima likacheka,
hata wao wenyewe, maana ukimtukana mtu wewe, Arvid,
huhisi amevishwa koti jipya.

Wiki ya pili ukaniletea ubeti:

*Nyota zote za angani, umezipangia njia,*
*Mwezi ukiwa njiani, saa yake watwambia,*
*Nami niko gizani, taa ninasubiria,*
*Niandike kitabuni, siku ya kukufikia.*

Nilikurudishia siku ileile.
"Mstari wa tatu, kipande cha kwanza: mizani saba.
Umepungukiwa na moja."
Karatasi ikarudi. Pembeni umeandika:
"Hiyo iliyopungua ni wewe."

Nilicheka peke yangu, mshumaa mkononi.
Mjomba akauliza kuna nini. Nikamwambia panya.

Sijitetei. Nilipenda ulivyouliza swali ukangoja jibu,
jambo ambalo maprofesa wa Uppsala hawajanifanyia hadi leo.
Ulijaribu kujifunza logarithi ukashindwa, ukajaribu tena,
wino umekupanda hadi kwenye kifundo cha mkono.
Kisha usiku mmoja, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi:
"Marta, kwani sisi ni wangapi, nchi nzima?"

Idadi ile ilikuwa siri ya serikali. Tulikuwa wachache mno,
na wakubwa hawakutaka majirani wajue.
Nilikunong'oneza.
Si Kofia. Wewe.

Wanasema uliposimama, ukumbi ulinyamaza kama kanisa.
Ukaichukua namba yangu, ukaiongeza nusu yake,
ukaitilia vina, ikapendeza,
na vijana wakavuka bahari kwenda kupigana Pomerania.
Hesabu haina mjomba. Majira ya kuchipua yalipofika
majedwali yalikuja mazito; nikachora safu mpya kwa rula,
kwa kuwa wachapaji hawakuwa wameacha nafasi.

Barua zako tisa niliwashia jiko.
Ya kumi, usiniulize.

Miaka saba. Kofia zikaanguka, za Kulalia zikaamka.
Ukaja mlangoni kichwa wazi, nywele zako mwenyewe
chache, rangi ya mabua. Sikuwahi kuziona.
Hukuomba msamaha. Uliomba ile safu.
Nikakusogezea stuli ya mjomba, marehemu,
ukasoma, nami nikaandika nakala safi:
Vaksala, kumi na wawili. Rasbo, tisa.
Ulipofika Alunda sauti ikakukwama,
ukarudi mwanzo wa ukurasa, usije ukakosea.
Taa iliisha mafuta tukaongeza.
Usiku kucha hukutia kina hata kimoja.

Katika kalenda iliyofuata, Februari tisa,
nimeandika kuwa jua litachomoza
saa mbili kasoro dakika ishirini na tano.
Karibu na hapo pana herufi moja, ndogo.
Mpiga chapa aliniuliza kama ni doa.
Nikamwambia aliache.