Kidokezo cha Nne

Kidokezo cha kwanza: kengele ina nyufa ngapi?
Cha pili: kizingiti kilicholika kwa nyayo.
Watoto wa Mvumi wanatimka, vumbi nyuma yao,
Lungwa ndala kazishika mkononi.

Cha tatu kipo kwenye kaburi la mmisionari;
wanalijua, mbuzi hulala pale.

Cha nne nilikiandika usiku, nikakifuta, nikaandika tena:
*Nyuma ya mnyaa. Someni jina kwa sauti.*

Wanasoma, wote kumi na mmoja, kwa pupa:
Mbeleje Chidosa!

Miaka tisa sijalisikia kinywani mwa mwingine.

Hazina ni kopo la ubuyu na rula mbili,
chini ya ngazi ya mnara.
Wamekwisha kufika, nasikia wanagombana.
Mimi bado nang'oa mbigili.