Tundu la Ghorofa ya Tatu

Kwenye fleti yetu ya Wete, bloki namba nne,
ukutani, chini ya dirisha la sebule,
liko tundu. Ngumi ya mtoto inaingia.
Halikutafunwa na panya,
halikutobolewa na fundi umeme.
Limezaliwa na nyumba.

Bibi yangu, Bi Mize binti Shaame, alihamia hapa
na godoro la sufi, mbuzi ya kukunia nazi, na kinu.
Kinu hakikumaliza wiki.
Jirani wa chini alipanda na chokaa kichwani:
"Bi Mize, utwange weye, tukohoe siye?"

Kwa hivyo alikuwa na nafasi ya kulitazama tundu.
Nyumba ya udongo, alisema, haina tundu la bure:
hili la moshi, hili la paka, hili la kuchungulia mgeni.
Hili la nani?
Akamuuliza yule Mjerumani wa ramani,
ambaye mtaa mzima ulimwita Yohaki.
Yohaki akaonesha kwa mikono kitu kinachopanda,
akajikumbatia,
akatetemeka meno yakigongana.

Bibi akamchemshia mchaichai,
akamlaza ukumbini, akamfunika kanga mbili.

Miaka ikapita. Tundu likapewa kazi:
risiti za karafuu, zimeviringwa, zimefungwa ukindu.

Mwaka huu, chuoni Unguja, nimefungua kitabu
cha majengo ya Thuringia, huko kwa akina Yohaki.
Mwanzo makanisa,
mawe yamechongwa hata yakawa mbavu za samaki.
Halafu kasri za watawala,
malaika wanene wa jasi wanaelea darini,
dhahabu mpaka kwenye vitasa.
Kisha watu waliowachoka malaika:
mstari, kioo, paa bapa,
kiti cha bomba la chuma.
Kisha vita. Kurasa nne za kifusi.
Kisha kuta zinazomiminwa kiwandani kama boflo,
na ukurasa wa mia mbili na kumi na moja,
sisi.

Ngazi zetu. Dirisha letu.
Varanda yetu, ila haina nguo zilizoanikwa
na theluji imeijaa pomoni.
Na ndani, chini ya dirisha, tundu,
na tunduni bomba la maji ya moto linapanda
kumpasha mtu miguu.

Nilikaa na ukurasa ule mpaka mlinzi akazima taa.

Nikampigia Bibi simu.
Bibi, Yohaki hakuwa na homa.
Alikuwa anakueleza baridi ya kwao.
Akanyamaza; nikasikia redio yake, taarifa ya vifo.
"Basi na miye sikukosea," akasema.
"Mtu akitetemeka, humwombi ramani."

Leo nipo Wete. Fundi wa intaneti amekuja na waya wake,
kaliona tundu, kafurahi: nani kawatobolea?
Nimemwambia akae kwanza.
Risiti bado zimo ndani, sijajua nizipeleke wapi,
na maji ya mchaichai ndiyo kwanza yanaanza kuimba.