Jiwe Juu ya Daftari

Mama alikata kashata kwa mshazari,
kisu kikienda kikirudi juu ya sinia ingali na joto,
hata nazi na sukari zikageuka mtaa mdogo
wa Mtopanga, kila nyumba imeinama upande mmoja.

Chivatsi alikuja kutoka machimboni,
vumbi la chokaa limemzeesha nyusi.
"Sina pesa, Mwanakhamisi. Nina hili."
Akaweka mezani kitu nilichodhani
ni barafu iliyokataa kuyeyuka:
mchemraba uliosukumwa bega,
usianguke, wala usisimame wima tena.

Mama akaliweka juu ya daftari.
*Chivatsi, shilingi arubaini.*
Chini ya jiwe, arubaini mbili.
"Wallahi deni langu limezaa!"
Na mama, asiyecheka na wadeni, akacheka.
Akalizungusha. Namba moja ilitulia tuli,
ya pili ikaizunguka
kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba asiyoijua.
"Ipi ya kweli?" akauliza Chivatsi.
"Utakayolipa."

Kisha likamponyoka.
Sakafu ya saruji ililipasua, nami nikapiga magoti
na kipimapembe changu cha kidato cha pili.
Kila kipande kilikuwa jiwe lile lile, limepungua tu:
nyuzi sabini na nane, mia na mbili,
sabini na nane, mia na mbili,
hata punje iliyoingia chini ya ukucha
iliinama kama mama yake.

Ndani, alisema mwalimu Mbeyu, mna kimia,
na kimia chenyewe ni kimya:
fundo kwa fundo, umbali ule ule,
mshazari ule ule, na hakuna mkono uliokisuka.

Nikapima kashata. Sabini na moja. Themanini na tatu.
Moja imekonda kwa kuwa mtoto alilia kisu kikiwa njiani,
nyingine pana
kwa kuwa aliyeisubiri alikuwa mjamzito.

Chivatsi hakulipa. Machimbo yalifungwa,
akenda Vipingo, au akenda kwa Mungu;
kila jirani ana habari yake.
Kipande kikubwa kiko pale pale,
kinazuia feni isifunue kurasa.

Jana nilikisogeza nipanguse vumbi.
Jina lake, lililokuwa mawili, likawa moja.
Nikakirudisha upesi.