Kibandiko cha Ndani

Akeyo, mzaliwa wa mavuno,
mama alikuita hivyo mtama ukiwa bado umeanikwa uani.
Hakujua kwamba mundu nao
uliingia nawe nyumbani,
mwembamba, mwekundu,
ukikata pasipo na shina.

Miaka thelathini na mmoja nimekufahamu kwa viungo vyako:
goti la Julai, nyonga ya masika,
chupa ya maji iliyoning'inia shingoni mwako shuleni
kama kengele ya mbuzi,
macho ya manjano ambayo watoto wa Manyatta waliyaita taa.
Kila uchungu tuliujua kwa jina.
Ule wa Jumanne haukuwa na jina.
Ulikuwa unachambua omena,
ukaweka ungo chini polepole,
ukasema, "Kaka, kuna mtu amebamiza mlango
ndani ya kichwa changu."

Mimi ni fundi wa baiskeli, Kondele.
Daktari Wafubwa alipotuonyesha picha
hakuhitaji kunieleza mara mbili.
Wino ulikuwa umepita mishipani,
matawi meusi kama Nyando ikifurika,
na pale njia zinapogawanyika
vijifuko vitatu vya damu.
Nikasema, hiyo ni tyubu iliyochoka,
hutuna kabla ya kupasuka.
Akanitazama. "Ndivyo," akasema.
"Basi bandika."
"Kwanza nibadilishe upepo."

Yaani damu.
Itolewe yenye mundu, iingizwe ya watu,
mpaka miundu ipungue, isifike theluthi,
ndipo athubutu kukulaza,
na chumba kiwe na joto,
na maji yasikatike mshipani hata saa moja.
Maana mwili wako ukipata baridi, ukipata kiu,
huanza kuvuna.

Nikakunja mkono wa shati. Huu hapa, chukueni.
Muuguzi akarudi na karatasi:
yangu haikufaa.
Nami nabeba mundu mmoja,
umelala tu kwenye ala yake.
Miaka yote hiyo nakuonea huruma,
kumbe shamba ni letu sote.

Mifuko saba ikaja, baridi, na namba bila majina.
Sijui ilitoka kwa nani. Nilibuni,
usiku ule kwenye benchi la chuma:
mwanafunzi wa Seme aliyetaka kukwepa hesabu,
dereva wa trekta wa Muhoroni,
mtawa aliyeomba soda ya pili.
Niliwashukuru mmoja mmoja, kwa sauti.
Mlinzi akadhani nasali.

Hawakufungua fuvu.
Waliingilia kinenani, wakapanda na mshipa
kwa waya ambao macho yangu hayangeuona,
wakazungusha uzi wa platini ndani ya kijifuko
kama uzi kwenye bobini,
mpaka damu ikakosa nafasi, ikapita zake.
Mimi hubandika kwa nje, baiskeli imepinduliwa,
magurudumu juu.
Yeye alibandika kwa ndani
na baiskeli inatembea.

Viwili.
Cha tatu, akasema, ni kidogo, kimekaa pabaya,
tutakichunga.
Nilikasirika, sikufichi.
Fundi gani humrudishia mtu baiskeli
na tyubu bado imetuna?
Akanijibu bila haraka:
fundi anayejua mkono wake unaishia wapi.

Ulipoamka ulitaka kujua
nani alimaliza zile omena.
Paka, Akeyo. Alimaliza paka.

Sasa unakaa bandani kwangu, pampu mapajani, chupa miguuni.
Nazamisha tyubu kwenye beseni,
nangoja kiputo kiniambie penye tundu.
Ukinyamaza kidogo tu, naacha kazi.
"Nini?" unauliza.
Hakuna. Nahesabu spoku.

Wingu linashuka kutoka Nandi.
Nakupa koti. Unalikataa.
Nakupa tena.