Waya Usiogusa

Karakana ipo Chikongola, nyuma ya ghala la korosho.
Mlango wa bati. Ndani kiyoyozi kimoja,
nacho si cha watu, ni cha mashine.

Somoe Nnunduma anabana pande la chuma mezani,
chuma kilichopita tanuri kikazimwa kwenye mafuta,
kigumu hata msumeno unakipapasa tu.
Kitundu alikitoboa juzi, kabla ya moto;
baada ya moto nani angetoboa?

Anapenyeza waya wa shaba ya manjano, robo milimita,
anafungulia maji. Si ya bomba:
ya bomba yana chumvi, hupitisha umeme ovyo.
Haya yamechujwa mpaka yamesahau bahari.

Sasa sikiliza. Mlio wa kitunguu kinachoingia mafutani.
Waya unakaribia na haugusi.
Katika upenyo mwembamba kuliko unywele
umeme unajaa, unashindwa kuvumilia, unaruka.
Punje ya chuma inayeyuka, inachemka, maji yanaizoa.
Tena. Tena. Kabla hujapepesa jicho, maelfu.

"Mnakata kwa radi," anacheka Hokororo, mwenye mashine za kubangulia,
kisha anatazama saa: milimita mbili kwa dakika?
"Radi ya kupimiwa kwa kijiko," Somoe anamjibu.

Jana meno ya gia ya kiwanda cha saruji,
juzi kalibu ya vizibo vya chupa.
Leo kisu cha korosho. Amezipima mia tatu za Tandahimba:
mgongo, tumbo, kile kiuno kilichobonyea,
akauingiza mkunjo wake kwenye kompyuta.

Mama yake alibangua kwa mkono miaka kumi na mmoja.
Mafuta ya ganda yalimla ncha za vidole;
siku ya kuandikishwa kitambulisho, kile kioo
kilimkataa mara tano, kana kwamba hakuzaliwa.
Somoe hawasimulii wateja habari hii.

Waya uliotumika unashukia ndooni, umetafunwa, hautumiki tena.
Watoto wa jirani huuomba wa kuundia magari;
hukatika, hurudi kulalamika.

Saa nane umeme unakatika,
mji huu wenye gesi miguuni pake.
Anaandika namba za pale waya ulipoishia, anakula muhogo.

Saa kumi na moja kiini kinaachia; anakidaka kwa sumaku
kisije kuuegemea waya.
Anachomoa korosho mfukoni, anaijaribu kwenye umbo lake.
Inaingia, inakwama kidogo.
"Bado unyoya," anasema,
na kuurudisha waya ukapite tena.